Kijiko Kipi, Daktari?

Alikuja na ushahidi. Mtoto mgongoni, kikapu mkononi, na ndani ya kikapu chupa ya maji ya lita moja iliyobaki robo, pamoja na kijiko. Akavipanga mezani kwangu kimoja kimoja, kama mtu anayefungua kesi.

"Shikamoo, daktari. Nimefanya kama ulivyoandika. Mbona mtoto anazidi kuharisha?"

Mtoto alikuwa na mwaka na miezi minne. Macho yameingia ndani, midomo imekauka, analia bila machozi. Nilimbana ngozi ya tumbo nikaiachia, ikachelewa kurudi. Nesi hakusubiri niseme, alishaanza kuandaa kitanda. Huyo mtoto alipona, nalisema mapema ili usisome ukiwa roho juu. Siku ya tatu alikuwa anazunguka wodini akivuta neti za wenzake. Ninachotaka kukieleza ni kijiko.

Nilifungua chupa nikaonja. Tamu kama juisi ya shughuli, na nyuma ya utamu ikaja chumvi ya kukaza ulimi. Nikakiangalia kijiko. Kilikuwa kile tunacholia wali. Andiko langu, lile lililokuwa limebandikwa ukutani kliniki na likasambaa kwenye simu za watu wa Kibirizi, mwalo wa hapa Kigoma, lilisema hivi: vijiko 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi kwenye lita moja ya maji safi. Ukilisoma kwa jicho la daktari huoni kosa. Nilichoacha ni maneno mawili tu, "cha chai". Kijiko cha chakula kinameza vijiko vitatu vya chai, na mama wa watu alikuwa amejaza mpaka kikawa kilima, maana nani anampunjia mwanawe dawa?

"Kijiko kipi, daktari?" aliniuliza nilipoanza kumweleza. "Hukusema."

Nilitamani nimwambie kwamba kila mtu anajua dawa hupimwa kwa kijiko cha chai. Bahati nzuri nilinyamaza. Anayejua hivyo ni nani? Mimi na niliosoma nao.

Niseme kwanza nilivyoingia kwenye kazi hii ya kuandika, maana hakuna aliyenituma. Mei 2015 nilikuwa daktari mchanga hapa Kigoma. Burundi hali ilikuwa imechafuka tangu Aprili, na watu walikuwa wakishuka milimani kwa miguu kuja Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa. Ufuko wa kijiji ukabeba makumi ya maelfu ya watu. Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916 na kuibuliwa 1924, ikageuka kuwa daladala ya wakimbizi. Gati hakuna kule, kwa hiyo watu walipelekwa kwa mitumbwi hadi ilikotia nanga, kisha safari ya kuja mjini, wanapumzishwa Uwanja wa Lake Tanganyika, halafu mabasi ya kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Kipindupindu kilikuwa kimeshapanda nao. Wagonjwa walihesabiwa kwa maelfu na waliokufa walikuwa karibu 30. Kipindupindu kikali kikiachwa bila tiba kinaweza kuua nusu ya kiliowashika, kwa hiyo hesabu ile, pamoja na uchungu wake, ilikuwa na kazi kubwa ya watu ndani yake.

Kuna mzee mmoja wa siku zile, pale uwanjani, simsahau. Alikuwa bado anaweza kukaa na kunywa mwenyewe, kwa hiyo nilimpa kikombe cha chumvichumvi, ile wengine wanaita ORS. Akakitazama kikombe, akanitazama mimi, akamwaga yote chini.

"Nimetembea siku mbili naharisha, mwanangu. Wewe unanipa maji?"

Alitaka dripu. Kwake dripu ndiyo tiba, ile chupa inayoning'inia inayomwonyesha kila mtu kwamba unaumwa kweli. Nilimjibu nini? "Kunywa tu, mzee, ndiyo dawa." Hilo ndilo jibu zima la mtu aliyesoma udaktari miaka mitano. Alikunywa baadaye, si kwa sababu yangu, ni mke wake ndiye aliyemkemea. Usiku nililala nikijiuliza kwa nini sukari na chumvi vinamwokoa mtu anayemwagika maji, nikagundua kwamba najua kuijibia mtihani lakini siwezi kuisema kwa mzee wa Kirundi anayejua Kiswahili cha sokoni. Kesho yake niliandika ukurasa mmoja kwenye daftari. Ulikuwa mbaya. Nimeutunza.

Ubaya wake ulianzia kwenye maneno. Niliandika kwamba sumu ya kipindupindu inashambulia "seli za utumbo". Mlinzi wa hospitali, mtu anayesoma kila kinachobandikwa, akaniuliza kwa heshima zote: "Daktari, tumboni nako kuna selo?" Kwake selo ni kule polisi wanakokuweka usiku kucha ukisubiri dhamana. Tukacheka, lakini yeye alikuwa ameuliza kweli. Vilevile neno "wadudu". Tunamwambia mgonjwa ana wadudu wa malaria, anarudi nyumbani akiwaza kitu chenye miguu, na ukimwambia dawa imewamaliza anataka kujua wametokea wapi. Mimi siku hizi naandika "vijidudu visivyoonekana kwa macho", sentensi inarefuka, na sijali.

Tuingie sasa kwenye utumbo wenyewe, maana hapa ndipo penye utamu.

Ukuta wa utumbo mwembamba ufikirie kama una milango. Kuna wa kutokea na wa kuingilia. Sumu ya kipindupindu inaukwamisha ule wa kutokea ukabaki wazi: chumvi ya mwili inamwagika ndani ya utumbo na maji yanaikimbilia, kwa sababu maji siku zote hufuata chumvi. Mtu mzima anaweza kupoteza hadi lita nzima kwa saa moja. Choo kinatoka kama maji ya kuoshea mchele. Ukimnywesha maji matupu, mengi yanapita tu yakitafuta njia ya nje, na machache yanayoingia hayarudishi chumvi iliyokwenda. Mzee wa uwanjani hakuwa mjinga hata kidogo, alikuwa ameona mwenyewe kwamba akinywa maji anaharisha.

Ila sumu ile ina kitu kimoja haikigusi, nao ni mlango wa kuingilia ambao sukari na chumvi hupita pamoja. Chembe mbili za sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, na moja ya glukosi, ambayo sukari yetu ya dukani huitoa ikimeng'enywa. Sukari pekee yake mlango haufunguki, na chumvi pekee yake vilevile. Zikifika pamoja unafunguka, zinaingia, na maji yanafuata nyuma. Unaendelea kuharisha, kwa sababu mlango wa kutokea bado umekwama, lakini sasa kinachoingia kinashinda kinachotoka, na siku mbili tatu baadaye mwili unajisafisha wenyewe. Mtu aliyekwisha kulegea, asiyeweza kunywa au anayetapika kila anachomeza, huyo anahitaji dripu na anaihitaji mara moja, tusidanganyane. Wengi hawajafika huko.

Nilipomweleza hivyo yule mama wa kijiko, mtoto akiwa amelala ubavuni pake na kikombe mkononi, alifikiri kidogo akasema, "Kumbe ni kama kwenda kuandikisha ndoa. Mmoja akienda peke yake hapokelewi."

Miaka yote nilikuwa natafuta mfano huo. Nimejaribu ufunguo na kufuli, nimejaribu bawabu, nimejaribu boti ya Kibirizi isiyoondoka mpaka ijaze. Yeye aliupata kwa dakika moja. Tangu siku hiyo natumia ndoa yake, na kila ninapoitumia mtu mmoja anacheka na mwingine anakaa sawa kusikiliza.

Lakini aliponifundisha zaidi ni kwenye kosa lenyewe. Nilikuwa nahangaika jinsi ya kumwambia kwamba mchanganyiko wake ulimzidishia mtoto ugonjwa bila kumfanya aone kama amemwekea sumu. Nikauliza anafanya kazi gani. Anakausha migebuka kwa chumvi, na msimu wa dagaa anaanika dagaa.

"Ukimpaka samaki chumvi nyingi, inakuwaje?"

"Anatoa maji. Beseni linajaa." Akanyamaza. Akamgeukia mtoto. "Ndicho nilichomfanya huyu?"

Ndicho hicho. Maji hukimbilia kulikokolea. Mchanganyiko ukizidi sukari na chumvi kuliko damu, badala ya maji kutoka utumboni kuingia mwilini, yanatoka mwilini kurudi utumboni, na kuharisha kunaongezeka. Chumvi ikizidi ndani ya damu ya mtoto nako ni hatari nyingine: kiu isiyokatika, kuhangaika, hata degedege. Nilimwambia kosa ni langu, si lake. Hakubali mpaka leo, na mimi pia sikubali lake.

Kuna jambo alilonieleza wakati ule ambalo limenifanya niandike kwa woga tangu hapo. Jirani yake alikuwa amemwambia mtoto ana meno ya plastiki. Kwa asiyefahamu: ni imani iliyoenea sana nchini kwamba kuna meno mabaya yamejificha ndani ya fizi za mtoto na ndiyo yanayomletea homa na kuharisha, basi anatafutwa mtu wa kuyang'oa kwa chuma. Anachong'oa ni vijimbegu vya meno ya kawaida, na mtoto anabaki na kidonda na maambukizi juu ya kuharisha kwake. Meno huanza kuota umri uleule ambao mtoto anatambaa na kutia kila kitu mdomoni, ndiyo maana vinaonekana kama vinafuatana. Mama huyu aligoma. Alimwambia jirani, "Mimi nafuata karatasi ya daktari." Karatasi yangu. Isiyosema kijiko kipi.

Jioni hiyo nilirudi kwenye vitabu kutafuta waliokumbana na tatizo hili kabla yangu, nikaona nimechelewa kuuliza kwa nusu karne.

Jambo la mlango wa sukari na chumvi lilielezwa na Robert Crane, mwanasayansi wa Marekani, huko Prague mwaka 1960. Mwaka 1968 David Nalin na Richard Cash walionyesha Dhaka kwamba wagonjwa wa kipindupindu wanaweza kuokolewa kwa kunywa. Wakubwa wengi wa tiba hawakuamini. Wao pia, kama mzee wangu, walitaka dripu. Kisha 1971 vita ya Bangladesh ikasukuma mamilioni ya watu kuingia India, na katika mji wa mpakani wa Bongaon daktari Dilip Mahalanabis akajikuta na wodi mbili zilizofurika, sakafu imejaa matapishi na choo, na dripu zinamwishia. Akachanganya chumvi, glukosi na magadi ya kuokea kwenye madumu makubwa na kuwapa ndugu wa wagonjwa wawanyweshe kwa vikombe. Vifo, vilivyokuwa karibu 30 kwa kila 100, vikashuka chini ya 4. Hakuwa na muda wa kufanya utafiti wa kupangwa, na kwa muda mrefu watu walisitasita kuyakubali matokeo yake. Mwaka 1978 jarida la Lancet likakiri kwamba ugunduzi huu huenda ndio uliokuwa muhimu kuliko wote wa tiba katika karne ile. Kwa sukari na chumvi! Kila nikiwasimulia wanafunzi wa uuguzi habari za Bongaon nawaona wanainua vichwa, kwa sababu wale ndugu wenye vikombe wanawajua. Ndio waliojaa kwenye korido zetu.

Ila hao ni wagunduzi. Waliokuwa na tatizo langu ni BRAC, shirika la maendeleo la Bangladesh. Kuanzia 1980 walituma wanawake nyumba kwa nyumba, kwa miaka 10, wakafikia kaya zaidi ya milioni 12. Kijiko hawakukitumia kabisa. Chumvi ilipimwa kwa vidole vitatu, sukari guru kwa ngumi moja, maji kwa kipimo chao cha nyumbani. Na kilichonishika ni hiki: mfundishaji hakulipwa kwa idadi ya nyumba alizopita. Baada ya wiki kadhaa mtu mwingine alikwenda kwa mama yuleyule, akamuuliza anakumbuka nini, akamwambia achanganye, mchanganyiko ukapimwa. Mama akikumbuka vizuri, mfundishaji analipwa zaidi. Kuna wakati waligundua mama wanakumbuka lakini hawatumii, wakachunguza, wakakuta baadhi ya wafanyakazi wao wenyewe hawaiamini dawa wanayoifundisha. Ikabidi waelezwe kwanza inafanyaje kazi.

Mimi kama ningelipwa kwa mtindo huo ningedaiwa.

Basi nikaanza kurekebisha. Jaribio la kwanza nililiona la akili sana: nililaza kijiko cha chai juu ya karatasi, nikakizungushia kalamu, nikaandika chini yake "KIJIKO NI HIKI". Ukutani kilifanya kazi. Halafu mtu akaipiga picha karatasi na kuituma, na kwenye simu moja kijiko kikawa kidogo kama cha kutolea uchafu wa sikio, kwenye nyingine mtu akakikuza kwa vidole viwili kikawa upawa. Nikaiondoa.

Jaribio la pili niliwaibia Wagambia. Mwaka 1982 walikuwa na kampeni ya redio na vipeperushi vya picha, na vipimo vyao vilikuwa chupa ya soda ya kwao iliyoitwa Julpearl na kizibo chake: chupa tatu za maji, vizibo 8 vya sukari, kizibo kimoja cha chumvi. Vijiji vilikuwa na chupa hizo, na akina mama waliochanganya vizuri walishinda zawadi kwenye bahati nasibu. Tafadhali usikopi hesabu ya vizibo, chupa zile si hizi zetu. Nilichokipenda ni wazo la kutumia chombo ambacho hakibadiliki ukubwa kutoka nyumba hadi nyumba. Chupa ya soda ya kioo niliyonunua mtaa wa Mwanga imeandikwa mililita 350. Chupa tatu zinatoa lita moja na kaziada kadogo, na kaziada ka maji hakaleti shida kama kaziada ka chumvi.

Nikaandika upya. Kwanza nikasema aliye karibu na duka la dawa au zahanati achukue pakiti ya chumvichumvi pamoja na vidonge vya zinki, asome nyuma ya pakiti ni ya maji kiasi gani na kuyapima yote, maana nimeona watu wakiimimina pakiti ya lita nzima kwenye kikombe kimoja ili "iwe kali". Aliye mbali: vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikikatwa juu kwa kisu vikawa bapa, ndani ya chupa tatu za soda za kioo zilizojaa maji safi. Chumvi iwe laini ya pakiti, si ile ya mawe tunayowekea samaki. Nikaijua hiyo ya mwisho baada ya kukumbuka kwamba nyumba nyingi za huku zina chumvi ya Uvinza, kule ambako watu wamekuwa wakichemsha maji ya chemchemi za chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000, na punje kubwa na punje ndogo hazikai sawa kwenye kijiko. Mwisho nikaongeza: onja kabla hujampa mtoto, isiwe na chumvi kuliko machozi. Kila mama anajua machozi yana ladha gani.

Nilijisifu. Nikaona hii sasa imekamilika, ina hesabu, ina ladha, ina chupa. Jumamosi nikaenda nayo Kibirizi kabla sijaibandika popote. Nilimkuta mama wa migebuka mwaloni, beseni mbele yake, mtoto yupo pembeni anachezea mchanga, amenenepa. Nikamsomea yote, polepole. Aliposikia ya kisu aliitikia kwa kichwa. Ya machozi alicheka. Nilipofika kwenye chupa za soda aliacha kugeuza samaki.

"Boti za Kagunga zinapakia hapa," alisema, akinyoosha kidole chenye magamba kuelekea majini. "Uliwahi kuona kreti la chupa za kioo zinapanda?"

Nikaangalia. Kulikuwa na magunia ya unga, magodoro, madumu ya mafuta na mabando ya soda za plastiki, nyingine ndefu, nyingine fupi, za kila ukubwa.

Nikakaa kwenye ukingo wa mtumbwi, nikatoa kalamu.